Uwanja wa Kiembeni na Mgomo wa 1947

Kila mgeni afikaye Mombasa huonyeshwa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, akasimuliwa habari za Wareno na Mazrui hata akachoka. Bali uwanja wa Kiembeni, walipokutania wafanyakazi wa mji huu Januari 1947, sijasikia mwongozaji akiutaja, na dhuluma hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini ughali wa maisha haukwisha. Kodi za vyumba zilipanda, na kibarua wa bandari ya Kilindini, aliyeajiriwa kwa siku na kuachwa kwa siku, hakuwa na yakini ya kesho. Tarehe 13 Januari kazi zikasimama: makuli wa bandari, watu wa reli, wahudumu wa mahoteli na watumishi wa majumbani, takriban watu 15,000, na kwa siku 12 wakawa wakikusanyika Kiembeni, wenyeji wa pwani pamoja na Wajaluo, Wakikuyu na Wakamba, kwa umoja ambao serikali haikuutarajia kabisa.

Wakubwa wa serikali walishikilia kwamba wachochezi kutoka bara ndio waliowapoteza watu. Hoja hiyo siikubali hata chembe. Mji huu ulikwisha kugoma mwaka 1939, na sababu zilikuwa zile zile, nyumba na mshahara. Fauka ya hayo, Chege Kibachia, karani aliyetwikwa lawama zote, uongozi wa shirikisho la wafanyakazi ulimjia mgomo ukiwa tayari umewaka. (Mwenye njaa, kwa hakika, hahitaji kuchochewa.)

Mgomo ulikoma baada ya Eliud Mathu, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, kuwasihi watu warejee kazini kwa ahadi ya kusikilizwa. Baraza la usuluhishi la Jaji Thacker likakiri kuwa ujira haukutosha, likauongeza. Lakini Agosti Kibachia alikamatwa, akahamishiwa Kabarnet, Baringo, na Septemba makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma.

Bandari iligoma tena mwaka 1955, Tom Mboya akasuluhisha. Kisha ukaja uhuru, na baadaye makontena.

Enyi walimu wa Mombasa, mnapowapeleka watoto Ngomeni, wasimulieni na habari za makuli wa Kilindini.