Maana na matumizi ya emoji ya posta ya Kijapani

EMOJI ya posta ya Kijapani (🏣) ni kijipicha cha jengo lenye alama 〒 kwenye ukuta wa mbele. Aghalabu huwatatiza watumiaji wa simu walio nje ya Japani, ambao hudhani alama hiyo ni herufi T iliyotiwa mapambo. Kwa Mjapani, haihitaji maelezo: hapo ni posta.

Asili ya alama

Alama hiyo, yenye mistari miwili ya mlalo na mmoja wa wima, ilianza kutumiwa na Wizara ya Mawasiliano ya Japani mnamo Februari 1887. Wizara hiyo iliitwa Teishinsho, na alama yenyewe inafanana na テ, yaani silabi ‘te’ katika hati ya katakana.

Tangazo la kwanza lilitaja herufi T, lakini siku chache baadaye likarekebishwa. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kuwa T ilikuwa tayari ikigongwa kwenye barua za kimataifa ambazo ada yake haikulipwa kikamilifu, hivyo kuifanya nembo ya posta kungezua utata.

Wizara ilivunjwa mwaka wa 1949, na mwaka wa 2007 huduma za posta zikakabidhiwa kampuni. Alama haikutoweka. Hadi leo huonekana kwenye masanduku mekundu ya barua, katika ramani na katika anwani, ambapo hutangulia nambari ya posta. Nambari hizo zilianzishwa mwaka wa 1968, na tangu 1998 zina tarakimu saba: tatu, kistari, kisha nne.

Kuingia kwenye simu

Mwaka wa 1999, kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilitoa emoji 176 zilizobuniwa na Shigetaka Kurita, posta ikiwa mojawapo. Kwa kuwa watumiaji walikuwa Wajapani, hakukuwa na haja ya kuiita ya Kijapani.

Haja hiyo ilizuka mwaka wa 2010, mfumo wa Unicode ulipoziidhinisha emoji kwa matumizi ya ulimwengu mzima. Posta zikawa mbili: yenye 〒, na nyingine (🏤) iliyopewa jina la posta ya Ulaya. Hii ya pili huonyeshwa kwa pembe, ala ambayo matarishi wa Ulaya waliipuliza zamani kutangaza kuwasili kwao.

Matumizi

Nchini Japani, emoji hii hutumiwa kumwarifu mtu kwamba mwenzake yuko posta, ametuma kifurushi au amekwenda kuweka akiba, maadamu posta za huko hutoa pia huduma za benki. Hufaa vilevile msimu wa kadi za Mwaka Mpya, ziitwazo nengajo, ambazo husambazwa Januari 1.

Hata hivyo, haipaswi kuandikwa kwenye anwani badala ya 〒. Emoji ni picha, ilhali 〒 ni alama ya maandishi yenye msimbo wake.

Mkenya aliyezoea kuandika S.L.P. naye asidhani kwamba tarakimu zinazoifuata 〒 ni nambari ya sanduku. Hizo huonyesha eneo tu. Jina la mtaa, nambari ya nyumba na jina la mpokeaji sharti viandikwe pia ili barua ifike.