Mapango ya Sterkfontein

Mapango ya Sterkfontein ni mkusanyiko wa vyumba na vichochoro vya chini ya ardhi vilivyoko karibu na mji wa Krugersdorp, katika jimbo la Gauteng nchini Afrika Kusini, takriban kilomita 30 kutoka Randburg kuelekea magharibi. Randburg yenyewe imekaa juu ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3, mwamba ambao maji ya mvua hayauyeyushi, na ndiyo maana mapango hayakutokea hapo bali katika ukanda wa dolomaiti ulio ng'ambo yake. Tangu mwaka 1999 eneo hilo, pamoja na Swartkrans na Kromdraai, limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Dolomaiti ni mwamba wa kaboneti ya kalsiamu na magnesiamu. Ile ya Sterkfontein ilijengeka takriban miaka bilioni 2.5 iliyopita katika bahari ya kina kifupi, wakati dunia haikuwa na mnyama wala mti, na ndani yake zimo stromatoliti, yaani matabaka ya mawe yaliyoumbwa polepole na viumbe vidogo vilivyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Maji ya mvua yanapopita hewani na udongoni huchukua kaboni dioksidi na kuwa asidi dhaifu; asidi hiyo ilipenya katika nyufa, ikauyeyusha mwamba na kuacha nafasi zilizojaa maji. Maji ya ardhini yaliposhuka, vyumba vilibaki vitupu, dari zikaporomoka, na mashimo ya wima yakafunguka hadi juu ya kilima. Humo uliingia udongo, yakaingia mawe na mifupa, wakatumbukia pia wanyama wakiwa hai, kisha matone yenye chokaa yakavigandisha vyote kuwa breksia, jiwe gumu kama zege. Kujaa huko, kumomonyoka na kujaa tena hakukufuata mpangilio mmoja, hivyo tabaka lililo chini si lazima liwe la kale kuliko lililo juu yake.

Walioanza kuyavunja mapango hayo walikuwa wachimbaji wa chokaa, mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuwa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand ilihitaji chokaa katika usafishaji wa madini. Baruti zao ziliharibu mapambo ya mawe yaliyochukua maelfu ya miaka kuumbika, lakini ndizo pia zilizoifichua breksia yenye visukuku. Mwaka 1925 mwanaanatomia Raymond Dart alikuwa ametangaza fuvu la mtoto wa Taung, akalipa jina la Australopithecus africanus, jamii ya zamadamu (jamaa wa kale wa binadamu), na wataalamu wengi wa Ulaya wakalipuuza kwa hoja kwamba fuvu la mtoto halitoshi kuthibitisha jamii mpya. Mtaalamu wa visukuku Robert Broom aliwajibu mwaka 1936 kwa fuvu la mtu mzima kutoka Sterkfontein, kisha Aprili 1947, akiwa na John Robinson, kwa fuvu lililokaribia kuwa kamili lililopewa jina la Bi Ples, ingawa jinsia yake bado inabishaniwa. Katika matabaka ya baadaye kumepatikana zana za mawe za aina iliyopewa jina la Olduvai, Tanzania, zenye umri wa takriban miaka milioni 2.

Ugunduzi mkubwa kuliko yote ulianzia ndani ya masanduku. Mwaka 1994 Ronald Clarke wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alitambua mifupa ya mguu wa zamadamu miongoni mwa mifupa iliyodhaniwa kuwa ya wanyama, na mwaka 1997 akawakabidhi Stephen Motsumi na Nkwane Molefe nakala ya kipande cha mfupa wa mguu kilichovunjika. Wawili hao, wakimulika kuta za pango kwa taa za mkononi, waliipata sehemu iliyolandana nacho ndani ya siku mbili, kazi inayostahili kutajwa sambamba na ile ya Broom. Mifupa hiyo, iitwayo Little Foot, iliyokamilika kwa zaidi ya asilimia 90, ilionyeshwa hadharani mwaka 2017 baada ya miaka 20 ya kuitoa jiweni.

Umri wake haujaafikiwa. Olduvai ina majivu ya volkano yanayopimika moja kwa moja, ila Sterkfontein haina, kwa hiyo watafiti hupima kuoza kwa urani katika chokaa iliyoganda, au kwa alumini na berili zilizozalishwa na miale ya angani ndani ya kwatzi kabla haijaangukia pangoni. Njia ya pili iliipa Little Foot miaka milioni 3.67 mwaka 2015, na mwaka 2022 ikayapa matabaka ya Bi Ples zaidi ya miaka milioni 3.4, ilhali waliopima urani na waliolinganisha visukuku vya nyani wanashikilia umri mdogo zaidi. Umri mkubwa ukithibitika, zamadamu wa Sterkfontein watakuwa waliishi zama moja na jamii ya Lucy, zamadamu maarufu wa Ethiopia, na itakuwa vigumu kuendelea kuwahesabu kuwa wazao wake.