Mita 260 za Safari ya Mwezini

Mwaka 1902 serikali ya Marekani ilitoa kwa mara ya kwanza fahirisi ya bei za jumla. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza 1891, pale Seneti ilipotaka kujua ushuru wa forodha unafanya nini kwa bei za bidhaa nchini. Makarani wakakusanya bei za bidhaa takriban 250, kuanzia mwaka 1890 hadi 1901, na mwishowe wafanyabiashara wakapata namba moja ya kuwaonyesha kama mali inapanda au inashuka. Fahirisi hiyo ingali hai. Tangu 1978 inaitwa Fahirisi ya Bei za Wazalishaji, na nchi nyingi duniani zina ya kwao.

Kanuni yake ni nyepesi kuisema. Chagua kitu, uliza mzalishaji amekiuza bei gani mwezi huu, kisha rudi mwezi ujao uulize kitu hichohicho. Kilo ya sukari kwa kilo ya sukari. Kitu kisibadilike, maana kikibadilika hujui tena kama unapima bei au unapima kitu.

Mwaka huohuo wa 1902, huko Montreuil nje kidogo ya Paris, Georges Méliès alikamilisha filamu yake ya safari ya mwezini, Le Voyage dans la Lune. Ilikuwa na urefu wa mita 260 hivi na ilimgharimu faranga 10,000, fedha nyingi kwa sinema ya wakati ule. Méliès hakukodisha filamu zake. Aliziuza, kama fundi anavyouza meza. Kopi ya rangi nyeusi na nyeupe ilikwenda kwa faranga 560, na aliyelipa alikuwa mmiliki wa kopi hiyo mpaka utepe utakapokatika. Wateja wake wakubwa walikuwa wenye mahema ya maonyesho, watu waliohama mji hadi mji na farasi, taa na viti vyao.

Kama karani wa bei angepita Montreuil siku hizo, kazi yake ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Gawa 560 kwa 260, unapata faranga 2 na senti 15 kwa mita. Filamu ya mwezi uliofuata ingekuwa na hadithi nyingine, lakini mita ni mita. Hata swali la ubora, ambalo huwasumbua watakwimu kuliko jingine lolote, lilikuwa na jibu lake kwenye orodha ya bei. Kopi iliyopakwa rangi kwa mkono katika karakana ya Bi Élisabeth Thuillier mjini Paris, ambako wanawake walikaa na brashi ndogo wakipaka picha moja baada ya nyingine, ilikuwa faranga 1,000. Rangi, basi, ilikuwa na thamani ya faranga 440. Watakwimu wa leo wanaotafuta namna ya kutenganisha thamani ya ubora na thamani ya kitu wangeilipia orodha kama hiyo.

Raha hiyo haikudumu, na sababu si ngumu kuiona. Mwenye hema akishanunua kopi, Méliès hapati tena hata senti, iwe filamu imetazamwa na watu mia au laki. Kopi iliyochoka iliuzwa kwa mwingine. Marekani ilikuwa mbaya zaidi: filamu ya mwezini ilinakiliwa kwa wizi na kuuzwa na makampuni kadhaa, la Edison likiwemo, na mwaka 1903 Méliès akamtuma kaka yake Gaston kufungua ofisi New York kulinda mali. Wakati huohuo wakazuka watu wa kati walionunua kopi na kuzikodishia kumbi. Faida ikahamia kwao.

Waliolitambua hilo mapema ni Pathé, kampuni kubwa kuliko zote wakati ule. Mwaka 1907 walitangaza kwamba hawauzi tena filamu, watakodisha. Desemba 1908 wazalishaji wakubwa wa Marekani waliungana chini ya Edison na kuweka sharti hilohilo: filamu inakodishwa, muda ukiisha inarudi. Februari 1909 wazalishaji wa Ulaya wakakutana Paris kuzungumza biashara yao, na mwenyekiti wa mkutano alikuwa Méliès mwenyewe, fundi wa mita akisimamia mazishi ya mita. Miaka michache baadaye hakuwa tena kwenye sinema. Katika miaka ya 1920 alikuwa anauza vitu vya kuchezea watoto kwenye stesheni ya Montparnasse.

Tangu hapo kilichouzwa hakikuwa utepe bali ruhusa ya kuuonyesha. Ruhusa haina mita. Mwanzoni ililipiwa kwa siku, baadaye kwa sehemu ya mapato ya mlangoni, na hapo ndipo bei ilipoanza kuteleza mikononi mwa wapimaji. Tuseme mwenye ukumbi anampa msambazaji nusu ya kila tiketi. Mkataba haubadiliki: mwaka juzi nusu, mwaka jana nusu, mwaka huu nusu. Je, bei imetulia? Hapana. Tiketi ikipanda kutoka shilingi 10,000 hadi 12,000, mwenye filamu aliyekuwa akipata 5,000 sasa anapata 6,000 kwa kila kichwa. Bei yake imepanda kwa asilimia 20 bila mtu kugusa mkataba. Ukumbi ukijaa watu mara mbili, hiyo si bei; huo ni wingi. Watakwimu walichukua miongo mingi kuliandika hilo kwenye miongozo yao, ingawa mkata tiketi yeyote angewaeleza.

Kikwazo kingine kilikuwa umiliki. Studio kubwa za Hollywood zilikuwa na kumbi zao wenyewe, hivyo filamu ilitoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na bei iliyoandikwa vitabuni ilikuwa mazungumzo ya ndani ya nyumba. Kwa wenye kumbi huru ziliuza filamu kwa mafungu: ukitaka ile yenye nyota, chukua na hizi nyingine ambazo hukuziomba. Bei ya filamu moja ndani ya fungu kama hilo ni ipi? Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake, ilivunja mafungu hayo na kuzifungulia studio njia ya kuachana na kumbi zao. Majaji walikuwa wanatafuta ushindani. Bila kukusudia, waliwapa pia wapimaji bei halisi, iliyokubaliwa kati ya watu wawili wasio ndugu.

Muziki ulipita njia yake, na kwangu ndio wenye kisa kitamu zaidi, kwa sababu bei yake iliandikwa kwenye sheria. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walikuwa na piano zinazojipiga zenyewe kwa karatasi zenye matundu. Mwaka 1908 Mahakama Kuu iliamua kwamba karatasi hiyo si nakala ya wimbo, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kuisoma; watengenezaji wake hawakuwa na deni kwa mtunzi. Bunge likaona watunzi wameonewa, lakini likaogopa pia kwamba kampuni moja, Aeolian, iliyokuwa imekwisha kufunga mikataba na wachapishaji wengi, ingeuhodhi muziki wote. Sheria ya hakimiliki ya Machi 1909 ikapita katikati: wimbo ukisharekodiwa mara moja kwa idhini ya mwenyewe, yeyote anaweza kuurekodi tena, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala.

Senti hizo 2 zilidumu mpaka mwisho wa 1977. Karibu miaka 69. Zilivuka vita viwili vya dunia, santuri za 78, redio, jazi, Elvis Presley na Beatles. Bei za watumiaji nchini Marekani kati ya 1913 na 1977 zilipanda zaidi ya mara sita, na senti 2 zikabaki senti 2. Ukichora fahirisi ya kipato hicho cha mtunzi kwa kila nakala unapata mstari ulionyooka, halafu Januari 1978 unaruka hadi senti 2.75. Mwaka 2006 ulifika senti 9.1 ukakaa hapo mpaka 2022. Mwaka 2023 ukawa senti 12. Yaani mwaka 2023 mtunzi alikaribia kiasi ambacho senti 2 za 1913 zingehitaji kuwa nacho mwaka 1977.

Lakini mtakwimu mwangalifu asingeuamini hata mstari huo ulionyooka. Kiwango cha sheria kilikuwa dari. Chini yake watu walipatana, na katika mikataba mingi ya baadaye kampuni za santuri ziliwalipa wasanii wanaoandika nyimbo zao wenyewe robo tatu tu ya kiwango. Fahirisi inataka bei iliyolipwa, si iliyotangazwa, na iliyolipwa imefungiwa kwenye makabati ya wanasheria.

Televisheni ilizidisha utata kwa kufanya kitu kimoja kiuzwe tena na tena. I Love Lucy, iliyoanza 1951, ilipigwa kwenye filamu badala ya kurushwa moja kwa moja na kupotea hewani, na Desi Arnaz na Lucille Ball walikubali malipo madogo ili wabaki na umiliki wa vipindi. Kila marudio yakawa biashara mpya. Kipindi hichohicho, bila kubadilika hata picha moja, kina bei moja siku ya kwanza, nyingine baada ya miaka miwili, na nyingine kikivuka bahari. Kinyume kabisa cha sukari.

Huduma kwa ujumla zilikuwa zimeachwa nje ya fahirisi kwa muda mrefu, na uchumi wa nchi tajiri ulipokuwa huduma zaidi kuliko viwanda, aibu ikawa kubwa. Januari 1987 watakwimu wa nchi kadhaa walikutana Voorburg, mji mdogo wa Uholanzi, kwenye ofisi za takwimu za nchi hiyo. Kundi lao likachukua jina la mji na bado linakutana, likipitia sekta moja baada ya nyingine: usafirishaji, uhasibu, matangazo, na filamu na muziki pia, ambazo katika mpangilio wa shughuli za uchumi wa Umoja wa Mataifa, toleo la 2008, zimewekwa pamoja kwenye kifungu cha 59.

Dawa waliyoifikia kwa vitu visivyojirudia ni filamu ya kufikirika. Mpimaji anakubaliana na kampuni juu ya kazi ya mfano: tangazo la sekunde 30, siku mbili za kupiga picha, kamera kadhaa, mafundi kadhaa, wiki ya uhariri. Kila robo mwaka anauliza: leo ungemtoza mteja kiasi gani kwa kazi hiyo? Kwa tangazo, au kwa studio inayokodishwa kwa saa, njia hii ni ya haki, mradi kampuni iweke faida yake ya leo ndani ya jibu. Kwa filamu ya kumbini nina mashaka nayo. Inapima gharama ya kukusanya watu na taa, na tangu William Baumol na William Bowen waandike kitabu chao juu ya sanaa za jukwaani mwaka 1966 tunajua gharama hiyo hupanda daima, kwa kuwa mwigizaji wa leo hawezi kulia haraka kuliko wa zamani. Kile soko linachokilipia, yaani haki ya kutazama, hakimo.

Kisha ukaja mtandao. Duka la iTunes lilipofunguliwa Aprili 28, 2003, wimbo ulikuwa senti 99, na wapimaji walipumua kidogo: kitu, bei, mwezi ujao tena. Miaka minane baadaye Spotify iliingia Marekani kwa dola 9.99 kwa mwezi, ada isiyobadilika hadi Julai 2023. Takriban theluthi mbili ya mapato ya huduma hiyo huenda kwa wenye haki, wakigawana kadiri nyimbo zao zinavyosikilizwa. Hakuna anayejua bei ya kusikiliza mara moja kabla mwezi haujaisha. Ni hesabu inayobaki baada ya karamu. Msajiliwa akisikiliza mara mbili zaidi kuliko mwaka jana, ada ileile inagawanywa kwa vipande maradufu. Ukihesabu kwa kila msikilizaji, bei ya mzalishaji haijatikisika. Ukihesabu kwa kila wimbo uliochezwa, imeanguka kwa nusu. Hesabu zote mbili ni sahihi, na fahirisi inaweza kubeba moja tu. Mimi ningechagua msikilizaji, maana ndiye anayelipa. Mwanamuziki angenicheka, na angekuwa na haki yake.

Afrika Mashariki swali hili bado halijafika mezani rasmi. Fahirisi za bei za wazalishaji za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya madini, viwanda, umeme na maji. Enzi za VCD mtayarishaji wa Bongo Movie alikuwa akimkabidhi msambazaji wa Kariakoo filamu nzima, haki zote ndani, kwa donge moja la fedha, bei safi kuliko hata ya Méliès. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 zingeweza hata kutoa idadi ya nakala. Sasa wanunuzi ni chaneli za kulipia, na kazi inaagizwa kwa kipindi. Tuseme mkataba wa zamani ulikuwa milioni 10 kwa VCD peke yake, na wa leo ni milioni 15 lakini unachukua televisheni, YouTube na programu za simu kwa miaka yote ijayo. Kwenye jedwali ni ongezeko la asilimia 50. Kila haki ikitajwa na kupewa bei yake, huenda mtayarishaji ameuza rahisi kuliko zamani, na karani hatalijua hilo mpaka aoneshwe mkataba, ukurasa kwa ukurasa.