Pakiti ya Mbegu na Jina la Aliyevuna

Karatasi ya kupandwa huuzwa siku hizi kama uvumbuzi mpya kabisa. Unasoma kadi ya mwaliko, unaifukia kwenye udongo, unamwagilia, kisha unangoja rehani au maua ya porini yachomoze. Lakini mbegu za bustani zilikwisha kuunganishwa na karatasi tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na waliotangulia kuifanya biashara hiyo kwa mapana ni Shakers, madhehebu ya Kikristo yaliyoishi kwa ujima, bila kuoa wala kuolewa. Ukiitazama historia yao, utaona kwamba mnunuzi alikuwa akilipia zaidi uaminifu wa mkulima asiyemjua, na karatasi ilikuwa njia tu ya kumfikishia.

Wakati huo mbegu nyingi ziliuzwa kwa kupimwa kutoka kwenye magunia. Shakers walizitia katika vifuko vidogo vya karatasi vilivyopigwa chapa, wakavipanga kwenye masanduku ya mbao na kuvisambaza kwa magari ya farasi, wakiwaachia wenye maduka ya vijijini kwa mali kauli. Msimu ukiisha, walirudi kuchukua fedha na vifuko vilivyobaki. Mwaka 1819 jumuiya za New Lebanon, Watervliet na Hancock ziliwekeana ahadi ya maandishi kwamba hazitauza tena mbegu zilizonunuliwa kwa walimwengu, yaani watu wasio wa imani yao, na kuchanganywa na zao, kwa kuhofia hasara na aibu kwa imani yao. Mbegu za matikiti peke yake ndizo zilizosamehewa. Nidhamu hiyo ilionekana hata kwenye maua, maana hawakuwa wapenda mapambo: walipanda waridi kwa ajili ya marashi ya dawa na ya jikoni, na wachumaji walitakiwa kulikata ua bila kikonyo, asije mtu akashawishika kulichomeka kwenye nguo. Kwao, ubora wa mbegu ulikuwa jambo la dhamiri.

Mtu anaweza kupinga kwamba soko halikuwalipa kwa dhamiri hiyo. Kweli, baadaye walizidiwa na makampuni makubwa kama la D. M. Ferry wa Detroit na la W. Atlee Burpee wa Philadelphia, yaliyochapisha picha za rangi za kumtoa mtu udenda. Hata hivyo, picha nayo ni ahadi, na Burpee alilijua hilo: mwaka 1888 alinunua shamba la Fordhook, akalifanya mahali pa kujaribia mbegu zake. Serikali ya Marekani, kwa upande wake, iligawa pakiti za bure kwa posta miaka mingi, hadi mwaka 1923. Wapokeaji wengi walinung'unika kwamba mbegu zenyewe zilikuwa za kawaida mno au hafifu. Bure haikuziba pengo la imani.

Karatasi ya kupandwa inaliongeza tatizo hilo la kuaminiana. Mbegu hutiwa katika rojo la karatasi, kisha ukurasa hukaushwa upesi bila moto mkali. Rehani ikilowa, huvimba na kuvaa ute, kama anavyojua kila mnywaji wa faluda; ukurasa ukichelewa kukauka, mbegu huanza kuamka na kufia humo humo. Kwa macho, ukurasa uliokufa na ulio hai hufanana. Wapo watakaosema hii ni zawadi tu, si kilimo. Sawa, lakini anayepewa zawadi ya kupandwa hutumia udongo, maji na majuma ya kungoja sawa na mkulima yeyote. Nchini Kenya, mkulima anayenunua mbegu zilizothibitishwa hukwangua stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwenye pakiti na kutuma namba kwa ujumbe mfupi ili ajue kama mbegu ni halali. Anayeuza kadi za kupandwa naye ana la kujibu. Kabla ya kulipa, muulize ni mbegu gani, zilivunwa mwaka gani na nani alizivuna. Akishindwa kujibu, nunua pakiti ya kawaida.