Teke, Mshtuko na Msukumo wa Nyuma

Wenye kushika bunduki husema imepiga teke. Wenye kufundisha sayansi husema msukumo wa nyuma. Na wengine, kwa kuchanganya sababu na athari, huita mshtuko. Mimi sioni haja ya kulishika neno moja na kuyatupa mawili, kwa kuwa kila moja lina jambo lake, na mtu atakaye bastola ya kujilinda, ilhali mikono yake ni dhaifu, hupotezwa sana na mchanganyiko huu.

Msukumo wa nyuma ni jambo la hesabu, ambalo kanuni yake iliandikwa na Isaac Newton mwaka 1687. Risasi ya milimita 9 yenye uzito wa gramu 8, itokapo kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde, huipa bastola ya gramu 700 kasi ya mita 4 kwa sekunde kumwelekea aliyeishika, kabla hata ya kuihesabu gesi ya baruti. Bali risasi ndogo ya .22, ya gramu 2 na nusu na mwendo wa mita 300, huipa takriban mita 1 tu. Ipunguze bastola hiyo hiyo uzito nusu, na kasi ya kurudi yawa maradufu. Ndipo linapodhihirika kosa la muuzaji ampaye bibi kizee bastola nyepesi kuliko zote kwa kumhurumia.

Mshtuko ni ule uusikiao mkono, nao hupungua mpini ukiwa mnene na wenye mpira, hata kama hesabu haikubadilika. Teke ningeliacha kwa kuruka kwa mdomo wa silaha, ambako husababishwa na mtutu kukaa juu ya ngumi.

Natuchukue mjane mwenye duka Tumati, katika nyanda za juu za Mbulu, aliyepewa leseni kwa mujibu wa sheria ya silaha ya mwaka 2015, na ambaye baridi yabisi imemkaza vidole vilivyolima na kukamua ng'ombe miaka mingi. Jirani zake Wahadzabe wa Yaeda Chini hutumia upinde, udaio nguvu kabla ya mshale kutoka. Na bastola ya kujipakia, kinyume cha dhana ya wengi, nayo hudai kwanza, kwani kuikoki ni kuvuta kifuniko cha juu kinachozuiwa na springi ngumu. Akikibana kwa ncha za vidole hatakiweza. Akikikumbatia kwa kiganja kizima, kisha akausukuma mpini mbele kwa mkono wa pili, aghalabu hufaulu.

Rivolva haina taabu hiyo, walakini kifyatulio chake, kisipotanguliwa na kuinua nyundo, hutaka nguvu ya takriban kilo 5. Risasi ya .22 ni pole, lakini fataki yake imetandazwa ukingoni mwa ganda, nayo hukataa kuwaka mara nyingi kuliko zile zenye fataki ya katikati. Kwa hiyo ningependelea risasi ya .380 katika bastola ya chuma iliyo nzito kidogo, yenye springi laini. Mjane huyu aombwe aikoki mwenyewe, ikiwa tupu na mdomo umeelekezwa pasipo watu, mara kadhaa mfululizo mbele ya muuzaji; akichoka upesi, aonyeshwe rivolva, akijaribu kifyatulio vivyo hivyo kabla ya kutoa fedha.