UZI: Mlanguzi wa tiketi nje ya uwanja, mhalifu ama hasla?

1/ Kila mechi kubwa ikifika, mjadala unarudi: anayeuza tiketi getini kwa bei ya kuruka ashikwe, ama aachwe atafute unga? Kabla tutukanane, tuangalie historia.

2/ Mfano unaotajwa sana ni Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Idadi ya waliofariki ni 97, wa mwisho akifa 2021 kutokana na majeraha yale.

3/ Jaji Taylor alichunguza. Alisema sababu kuu ni polisi kushindwa kudhibiti umati, si watu wasio na tiketi. Ila kwa ripoti yake ya 1990 alipendekeza pia kuuza tiketi nje ya uwanja bila idhini kuwe kosa.

4/ Sheria ikapita 1994. Sasa skizeni: haikuhusu bei! Ilihusu usalama. Mlanguzi hajali nani ananunua, kwa hivyo shabiki anajipata katikati ya wapinzani. Ndio maana hata ukiuza kwa bei ya kawaida, bila idhini ni kosa. Na ni soka tu. Raga haimo.

5/ Ireland walienda njia tofauti 2021. Kwa viwanja na kumbi kubwa, kosa ni kuuza juu ya bei halisi. Hapo kinacholindwa ni mfuko wa mnunuzi.

6/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "tupige marufuku", muulize: unalinda maisha ama mfuko? Hizo ni sheria mbili tofauti.

7/ Tukirudi nyumbani: Oktoba 2010, watu 7 walikufa kwenye mkanyagano Nyayo, Gor ikicheza na Ingwe. Kwa CHAN ya 2025, baada ya vurugu za getini Kasarani, CAF ilipunguza mashabiki na kuagiza tiketi za kielektroniki pekee. Shida ilikuwa geti.

8/ Kushika kijana mwenye tiketi tano ni rahisi, na kamera zinapenda. Lakini alizitoa wapi? Geti zilifunguliwa saa ngapi? Nani alihesabu watu?

9/ Familia za Hillsborough zilingoja miaka 27, hadi 2016, ndipo baraza la mahakama likasema wazi kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Tusianze kwa kulaumu aliye karibu zaidi.

Mwisho. Wewe ungetunga sheria gani?