Ebola ya Bwera, 2019: Sayansi na Lugha ya Kuaminika
Mnamo Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo alitibiwa Kagando, kisha akahamishiwa Bwera. Tarehe 11 ilithibitishwa kuwa ni Ebola. Bibi yake na mdogo wake pia waliambukizwa. Wote watatu walifariki. Hata hivyo, ugonjwa haukuenea Kasese. Tangu Novemba 2018, wahudumu wa afya wapatao 4,700 nchini Uganda walikuwa wamechanjwa, na waliogusana na wagonjwa walifuatiliwa.

Lakini mtu hutaja aliowagusa kwa anayemwamini, na humwamini anayemwelewa. Wakonzo na Wanande wa ng'ambo ni ndugu. Kiswahili nacho huvuka mpaka wa Mpondwe kila siku. Sisi walimu tuwafundishe wanafunzi kueleza chanjo kwa Kiswahili cha sokoni, kabla maradhi hayajarudi.